Neno la Théo Juu ya Wapangaji

«Mauwa iko anatutosha mu nyumba,» jirani yangu mama Kyabu aliniambia kwa sauti ya chini. «Bafundi bamefika na nyundo. Leo milango yote inatoka. Funga bintu, mama Lumbu!»

Sikufunga. Nilikuwa namnyonyesha Lumbu, na chini nilisikia funguo za Mauwa ukutani: ko, ko, ko. Huyu mama hajui kukaa. Alizaliwa kambi ya relwe, na mpaka leo treni ikipiga honi anasimama, hata kama sahani iko magotini. Tangu yeye na wenzake wawili, Gaston na Théo, wanunue etaje hii, ghorofa ya zamani karibu na gare ya treni, ili waitengeneze, anazunguka akigonga kuta, anasikiliza wapi plasta imeachana na tofali. Faida yote ya samaki aliowauza iko ndani ya kuta hizi.

Alipanda kwangu. Akakaa, akasimama.

«Mama Mauwa, tunahama?»

«Haiko minyi, ni Gaston! Théo alimupigia telefone: “Wapangaji wa zamani watosha.” Rezo ikakatika. Gaston njo kuita bafundi.»

Théo ni mtoto wa Kamina kama sisi, lakini amekaa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, muda mrefu. Kwetu kutosha ni kuondoa. Kule, Mauwa alisema, ni kuenea, kufika idadi inayotakiwa: sisi tuliopo tunaenea, wasitafute wengine.

«Una hakika, mama?»

«Umesahau simenti? Théo alisema “simenti yatosha”, Gaston akaitosha yote inje, mvua ikanyesha. Ile jiwe mama Kyabu anakaliaka, njo simenti yetu!»

Tulicheka. Mguu wake lakini haukutulia. Alijaribu tena kumpigia Théo, kimya. Gaston naye hamsikilizi, anasema Mauwa anatuonea huruma tu. Na milango ikishatoka, nani atabaki? Nyumba itakaa tupu, mvua iingie, na samaki wote wa Mauwa warudi majini.

Huko chini mlango wa kwanza ulilia kwenye bawaba. Mauwa alikwenda dirishani, akarudi, akatazama beseni langu la nguo za mtoto.

«Gaston ni baba ya mapasa, batoto babili siku moja,» alisema. «Akiona mutoto analala, hata kukohoa anaogopa.»

Akanishika mkono.

«Mama Lumbu, mwanangu, anika bilamba ya mutoto pa baraza yote, hata yenye haiyakauka, hata yenye haiyafuliwa. Na Gaston akipanda, mulalishe Lumbu pale pa mulango, mpaka Théo apatikane.»