Pembe Iliyolia Kila Asubuhi

Asubuhi moja ya ukungu hapa Shume naikumbuka, mwanangu, hata nikijitahidi kuisahau. Weka simu hiyo chini unisikilize.

Kaka yangu Hoza alijikata mguu kwa jembe akipalilia karoti. Akaufunga kitambaa, akaendelea na kazi. Ubishi tumezaliwa nao nyumbani kwetu, hata wewe unao. Baada ya siku chache mguu ukavimba, homa ikampanda, akawa anaweweseka, hamtambui hata mama. Hospitali ilikuwa mbali, na mgonjwa alibebwa kwa machela.

Kijiji kilikuwa na pembe, aliitunza Mzee Shemboza. Ikilia, kila nyumba inatoa mwanamume wa kubeba. Huulizi anaumwa nani, unatoka tu. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda kufuata kabichi na karoti zetu. Dereva hakumngoja mtu, basi wazee wakaona ni vyema pembe ilie lori likifika. Ikalia asubuhi, ikalia mchana, ikalia hata kwa dalali aliyekuja kupiga soga tu. Mwanzoni tulikimbia na matenga kichwani. Baadaye mtu anaisikia, anajigeuza kitandani.

Asubuhi ile hapakuwa na lori, na Mzee Shemboza alipuliza pembe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama alisimama mlangoni akitazama njia, hakuja mtu. Nikaanza kukimbia nyumba kwa nyumba nikigonga milango. Jirani yetu akanijibu kutoka ndani, "Mwambieni dereva leo sina karoti."

Hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia, "Ni Hoza, baba. Anakufa."

Alitoka bila viatu, maskini. Lakini mpaka tupate wabebaji wa kutosha, jua lilikuwa limeshapanda. Hoza alifia hospitalini siku ya pili.

Nilimuuliza daktari, mwanamke mmoja mtu mzima, iweje mwili wa kijana mwenye nguvu vile usijipiganie. Alituketisha akatueleza polepole. Alisema kwenye damu kuna chembe nyeupe, ndizo walinzi wetu. Vijidudu vikiingia kwenye kidonda, hapo hutoka kemikali kama wito, na chembe hizo zina vipokezi vya kuinusa, nazo huifuata mpaka kwenye kidonda. Lakini vijidudu vikishasambaa kwenye damu, wito unatoka kila upande bila kukoma. Vipokezi vinazoea, vingine vinazama ndani ya chembe. Walinzi wanakuwepo, ila hawausikii tena wito wa kidonda.

Mama alikuwa amejifunika khanga usoni. Akasema, "Kumbe hata ndani ya mwili wake walifanya kama sisi."

 Daktari alituambia kwamba kelele zikitulia, vipokezi hurudi mahali pake. Kwa Hoza hazikutulia.

Baada ya maziko wazee walitundika rimu ya gari njia panda, malori yakawa yanatangazwa kwa kugonga chuma hicho. Pembe ikabaki ya wagonjwa peke yao. Hata hivyo ilichukua muda mrefu watu kuiitikia kama zamani, na katika muda huo tulizika wengine. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nakuona na simu yako inalia kutwa, huitazami hata nikipiga mimi. Sikugombezi, najua kuchoka kuitwa. Ila shika neno langu, mwanangu. Usiwaite watu kwa sauti ya msiba kwa ajili ya karoti zako. Na ukiona umeshazoea kuitwa, usijisifu kuwa umekomaa. Nenda mahali pakimya, ukae mpaka masikio yako yarudi. Halafu ukiitwa, toka ukaangalie. Mara nyingi utakuta ni lori. Toka hivyo hivyo.

Mungu akutunzie masikio yako. Na siku utakayoita wewe, akujalie jirani atakayetoka bila kugongewa mlango.