Bernadina wa Qurus na Geti la Bandarini

Bernadina Hhando alizaliwa Qurus, kijiji cha Karatu, katika nyumba ambayo fimbo haikupata kupumzika. Baba yake alimpiga punda, akampiga ng'ombe, akawapiga watoto na mama yao, wote kwa mkono uleule, na jioni mkono huohuo ukashika rozari na kuongoza sala. Bernadina akakua akijua kwamba mtu mkubwa ni yule anayepiga na mtu mdogo ni yule anayepigwa, na kwamba kazi ya kila siku ni kujitahidi usiwe mdogo.

Akaolewa na Silvanus, Mchaga aliyekuwa na bucha Karatu mjini, akadhani ametoka. Silvanus alikuwa mpole mpaka anywe. Mchana mmoja, mbele ya wateja, alimpiga mkewe mgongoni kwa ubapa wa panga la kukatia mifupa kwa sababu alichelewa kuleta maji. Bernadina alinyakua ndoano ya kutundikia nyama, akamchana mume wake kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Wateja wakatawanyika. Alijitanda kitenge chake, akatoka, akashika barabara ya kupanda Ngorongoro, na hakuna aliyemfuata.

Huko juu, kwenye kingo za kreta, alipata kazi ya upishi katika kempu moja ya watalii. Alipika kwenye ukungu na baridi, akaoka mikate juu ya mkaa, akajifunza Kiingereza cha wageni. Pengine angezeekea hapo kama si nyati. Asubuhi moja nyati dume alitokea nyuma ya mahema akamkuta mlinzi wa kempu, Moloimet, anachota maji. Alimrusha juu, akamgonga tena alipoanguka. Wanaume walipofanikiwa kumfukuza yule mnyama kwa kelele na moto, tumbo la Moloimet lilikuwa wazi. Waliokimbia kumshika ni Bernadina na mgeni mmoja, mama wa makamo ambaye kumbe alikuwa daktari. Walipakiwa naye nyuma ya Landrover, mikono yao minne ikiwa imezuia utumbo usimwagike, na Moloimet akafa kabla gari halijamaliza mteremko.

Yule daktari hakusahau mikono ile isiyotetemeka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Alimweleza Bernadina kwamba kuna meli, hospitali nzima inayoelea, inayozunguka kwenye bandari za Afrika ikitibu watu, na wote waliomo, tangu nahodha hadi mfagiaji, wanajitolea. Jikoni walikuwa wanahitaji mtu. Parokia ya Karatu ikamsaidia, na mwanamke ambaye hajawahi kuona bahari akajikuta amesimama kwenye gati la nchi moja ya Afrika Magharibi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, anaitazama meli nyeupe iliyokuwa ndefu kuliko mtaa mzima wa maduka kwao.

Jikoni walipikia watu mamia. Bernadina alipenda kelele za masufuria, alipenda ngazi nyembamba za chuma, alipenda hata harufu ya dawa iliyoshuka kutoka wodini. Mtanzania mwingine aliyekuwemo ni Yohana, Mmasai wa Endulen, fundi wa magari ambaye sasa alishinda kwenye chumba cha injini akiwa amepaka grisi hadi masikioni. Alimwita Bernadina yeyo, kama anavyoitwa mama kwao, ingawa hawakupishana sana kwa umri.

Ikafika siku ya kuchagua wagonjwa. Tangazo lilikuwa limezunguka nchi nzima, na watu walikuja na uvimbe, macho yenye mtoto wa jicho, midomo iliyopasuka, miguu iliyopinda. Waliujaza uwanja mbele ya geti la bandari mpaka ardhi haikuonekana. Kila mtu wa meli ambaye mikono yake ilikuwa na nafasi aliombwa ashuke kusaidia, hata wapishi. Askari wa bandari walipanga foleni kwa kuchapa watu miguuni na nyaya za umeme.

Jua lilipokuwa kali, neno likapita kwamba vitanda vimejaa. Hakuna aliyejua limetoka kwa nani. Umati ule ulisukuma kama maji yaliyopasua kingo, na watu wa mbele wakaanza kubanwa kwenye chuma. Afisa akaamuru geti lifungwe. Bernadina aliweka bega pamoja na askari akasukuma.

Kwenye mwanya uliobaki mkono wa mwanamke ulipenya. Mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, na chini ya kitambaa taya lake lilikuwa limevimba ukubwa wa papai. Kando yake kijana mrefu alikuwa akisema kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mwangalieni tu. Kumwangalia tu." Askari akasema sukuma. Bernadina akasukuma, akasikia vidole vikivunjika.

Mkono ukatoka. Yule kijana hakutukana. Alimtazama Bernadina usoni mpaka geti lilipomficha.

Umati ulipopungua, maiti za wazee wawili zilikuwa zimelala chini ya ukuta, na kiatu cha mtoto kilikuwa peke yake katikati ya uwanja. Bernadina alirudi jikoni akanawa, akanawa tena. Yohana alimkuta amekaa kwenye gunia la viazi, akamwambia kwamba geti lisingefungwa wangekufa wengi zaidi.

"Najua," Bernadina alijibu. "Lakini bega lilikuwa langu."

Meli ilikaa bandarini hapo miezi kadhaa. Watu waliotibiwa walishuka wakicheza ngoma kwenye gati, na Bernadina aliwapigia makofi pamoja na wenzake, ila hakulikaribia geti lile tena. Mwishowe wakapakia chakula, wakang'oa nanga kuelekea nchi nyingine upande wa kusini.

Bahari iliwapokea vibaya. Meli ililala ubavu huu, ikainuka, ikalala ubavu ule, na jikoni kila chombo kilifungwa kwa kamba. Mchana mmoja, wapishi wengine wakiwa wanatapika vyumbani, Bernadina alishuka ghalani kuchukua unga. Aliposogeza gunia akakutana na macho.

Yule mtu aliruka kabla Bernadina hajapiga kelele. Alikuwa na kipande cha bati kilichonolewa, na njaa ya siku kadhaa ilikuwa imemfanya mwepesi na mkali. Alimkaba, akamgeuza, na alipomwona uso akaganda.

"Mama wa geti," alisema.

Akamkata. Bati lilipita kuanzia sikioni hadi kwenye kidevu, na kwa kitambo Bernadina hakuhisi maumivu ila joto tu likishuka shingoni. Kisha yote aliyojifunza tangu Qurus yakarudi. Alimpiga kiwiko tumboni. Alishika kopo kubwa la nyanya kutoka kwenye rafu akampiga nalo mdomoni, akasikia meno yakiachia. Alipanda ngazi kwa mikono na magoti, damu ikidondoka kwenye kila kipandio, na yule mtu akapanda nyuma yake.

Walifika jikoni pamoja. Meli ikalala ubavu wakati huohuo, kamba ya sufuria ya maharage ikakatika, na sufuria zima lililokuwa likichemka likamwagikia miguu ya yule mtu. Aliachia bati. Hapo pambano lilikuwa limekwisha, na Bernadina alijua hivyo. Lakini alichukua mwiko mkubwa wa ugali akampiga mgongoni, akampiga kichwani, akampiga kwenye mikono aliyojikingia. Alipiga bila kuchoka, kama baba yake alivyokuwa akipiga, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

Kelele zikawaleta mafundi wa injini, Yohana akiwa mbele. Walipoona uso wa Bernadina hawakuuliza. Wakaanza kumkanyaga yule mtu kwa buti. Watu hao walikuwa wameacha kazi zao duniani kote ili wahudumie maskini, na sasa walikuwa wanamwua mmoja wa hao maskini sakafuni, kwenye maharage.

Ndipo mwanamke akatokea kwenye ngazi ya ghalani. Kitambaa kilikuwa kimemdondoka na taya lake lilikuwa nje. Hakuweza kupaza sauti kwa sababu ya uvimbe, alitoa tu mngurumo wa chini kifuani, akanyoosha mkono. Vidole viwili vya mkono ule vilikuwa vimeunga vibaya, vimepinda upande kama mizizi.

Bernadina aliviona. Mwiko ukamtoka.

"Yohana, acha," alisema kwa Kiswahili. Hawakuacha. Akajitupa chini juu ya yule kijana. Spana iliyokuwa inashuka haikuwahi kuzuiwa, ikamvunja mfupa wa bega, bega lilelile. Sauti ya mfupa ule ndiyo iliyowasimamisha. Yohana aliitazama spana mkononi mwake, akaiweka juu ya meza taratibu, akatoka nje.

Habari yao ilikuja kueleweka baadaye. Wale walikuwa ndugu, kaka na dada yake. Siku ya kupakia chakula walijipenyeza katikati ya shehena ya mchele. Kaka mtu aliwaambia walinzi wake kwamba alikuwa amefikiri kitu kimoja tu: madaktari wakiwa baharini hawana geti la kufunga.

Nahodha alimfungia chumbani hadi nchi kavu. Walipofika walimkabidhi kwa polisi wa bandari kama sheria inavyotaka, na polisi wale walianza kumpiga virungu palepale gatini kabla hata ya kumuuliza jina. Bernadina, mkono umefungwa shingoni na uso umeshonwa, alishuka ngazi akamfuata nahodha aliyekuwa akitazama pembeni. Alimwambia kwa Kiingereza chake cha kempu kwamba huyo ni mgonjwa wake, ana majeraha ya moto miguuni, na kama hataki kuwazuia polisi yeye atakwenda kuwazuia. Nahodha akaenda. Kijana alikaa jela miezi, akarudishwa kwao akiwa hai, akichechemea.

Dada yake madaktari walimpasua. Walitoa uvimbe wote na kuacha uso mwembamba, wa mtu mzuri wala si mzee. Kabla hajaondoka alikuja jikoni, akaketi, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi pamoja na Bernadina. Wakamaliza karai moja. Halafu akasema, kwa maneno aliyoyatamka polepole kwa sababu ya taya jipya, "Kaka yangu amekukata. Wewe umenivunja. Sasa tunafanyaje?"

Bernadina aliinama chini ya meza. Akamsogezea karai lingine la viazi, na wakaendelea mpaka vikaisha.

Alirudi Karatu baada ya mwaka. Silvanus alikuwa amehamia kwao Rombo na bucha limekuwa duka la simu. Bernadina akafungua mgahawa wa mabati karibu na uwanja wa mnada, akauza chai, chapati na makande. Watoto walisema mama huyu alichanwa na chui, naye hakuwasahihisha.

Siku moja ya mnada mayowe yalianza upande wa mbuzi. Kijana wa kijiji cha Buger alikuwa amekamatwa na mbuzi asiye wake. Bernadina alipotoka, walikuwa wameshamvunja mguu kwa mawe, tairi lilikuwa limeshaletwa, na mtu alikuwa anafungua dumu la petroli. Wengi wao aliwajua. Walikuwa watu waliokula kwake.

Hakuwa na huruma kubwa kwa mwizi yule. Alisema baadaye kwamba mwenye mbuzi alikuwa mjane na yeye mwenyewe alitamani kumzaba kofi. Lakini alipita katikati yao, akakaa chini kwenye vumbi, akakipakata kichwa cha yule kijana. Wakamwambia aondoke. Jiwe likampiga mgongoni. Petroli ikamwagwa, ikamlowesha kijana, ikamlowesha yeye kuanzia kilemba hadi magoti.

"Mama Bernadina, toka, tutakuchoma na wewe," alisema mwenye kiberiti.

"Mimi nimeshapiga mtu namna hii," Bernadina alimjibu. "Ilikuwa tamu. Mpaka leo siwezi kula maharage. Haya, washa."

Yule mtu alitoa njiti. Aliyemzuia ni Benedicta muuza nyanya, jirani wa Bernadina, mwanamke mfupi. Alimzaba kofi zito, akamnyang'anya kiberiti, akakitumbukiza kwenye ndoo yake ya maji. Watu wakasita, na katika kusita kule wakaanza kuonana nyuso. Polisi walipofika walikuta wachache. Kijana alipelekwa hospitali, akapoteza jicho moja, kisha akapelekwa mahakamani akafungwa.

Hakuna aliyekuja kushukuru, si ndugu zake wala mwenye mbuzi. Kwa wiki nyingi watu waliupita mgahawa ule wakiuita kwa mama wezi, na Bernadina alikula chapati zake mwenyewe na Benedicta. Kisha, asubuhi moja ya baridi, mwenye kiberiti aliingia akaketi kwenye benchi la mwisho, akatazama meza. Akaagiza chai ya rangi na chapati moja. Bernadina alimletea, akafuta meza mbele yake, akarudi kwenye moto kugeuza zilizobaki zisiungue.