Rangi Mbili Ndani ya Mzinga

Mimi ndiye niliyewapa nyuki wa shule dawa ya kuhara. Naanza na hilo kwa sababu wiki hii tumemzika mwalimu wetu wa baiolojia, mwenye kuitunza mizinga ile, na pale msibani watu walikuwa wananisifu eti mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Mkono gani! Kwetu Itigi kidonge cha rangi mbili, ile antibiotiki ya kapsuli, kinatibu tumbo, jino, kidonda, na nadhani hata kufeli mtihani. Basi nilipoona mzinga mmoja umejaa madoa ya njano ya kinyesi mlangoni, nikachomoa vidonge kwenye mkoba wa mama, nikakoroga unga wake kwenye maji ya sukari, nikawawekea. Walikunywa kama wako harusini. Siku chache baadaye, chini ya mzinga palijaa maiti.

Mwalimu alichuchumaa pale, akanitazama mpaka nikajitaja mwenyewe. "Hongera, daktari," akasema. "Hakuna anayeharisha tena." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akanieleza kwamba tumboni mwa nyuki mna bakteria wema, wanaosaidia kusaga chakula na kuzuia maradhi. Nyuki mchanga anayetoka kwenye sega hana hao bakteria. Huwapata kwa kuishi na dada zake waliomtangulia. "Umemfukuza mwizi, ukafukuza na mlinzi." Akaleta sega lenye nyuki wazima kutoka mzinga mwingine, akawanyunyizia wote maji ya sukari ili wasipigane, akafunika. Mzinga ulisimama tena, ila taratibu mno. Mimi akanikabidhi ufunguo wa banda la mizinga.

Jamani, tunapenda sana dawa ya kufagia. Mtoto msumbufu, mtimue. Mzee mkorofi, mkimbie. Halafu tunashangaa wadogo wanatoka watupu, hawana wa kuwaambukiza jema lolote. Mimi nilistahili kutimuliwa, wala sibishi.

Sasa mizinga haina mwenyewe. Tangu mazishi sijakanyaga bandani, na kwa jua hili beseni lao la maji litakuwa limekauka. Jana nikamwambia mama nimechoka, naurudisha ufunguo shuleni, wajue wenyewe. Alikuwa anachambua mlenda, hata hakuinua uso.

"Wewe ulimchosha mwalimu wako zaidi, na hakukurudisha kwangu. Kawawekee maji."