Kiingereza cha Jirani Yetu wa Kanyosha

Juzi nilipita Kanyosha, mtaa niliokulia, nikasikia watoto wa shule nyuma ya ukuta wakirudia maneno ya Kiingereza kwa sauti moja. Nikasimama, rafiki yangu, nikayarudia nao kimoyomoyo kama zamani.

Enzi zile za vita, shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Kiingereza alinifundisha jirani yetu, mwalimu wa sekondari, jioni, bibi akikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, na moshi ukitutoa machozi. Neno dogo hakulitaka. Nikisema "good", alipiga meza.

"Apana! Hiyo kila mutu anaijua. Nipe kubwa."

Nililitafuta hilo kubwa nikipekua daftari. Risasi zikianza kule milimani, tulilala sakafuni, naye aliendelea kuniuliza, mdomo karibu na saruji. Sikujua niogope kipi zaidi.

Alasiri moja bibi alishikwa na homa kali, akaanza kuongea na watu waliokwisha kufa. Mwalimu alikuwa kazini. Nikamwegemeza bibi begani, tukaenda kutafuta dispensari ng'ambo ya daraja. Darajani barabara ilikuwa imefungwa. Askari wa kigeni, mmoja wa wale waliokuja kulinda amani, alitunyooshea bunduki. Nilimwomba kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa. Alitikisa kichwa tu. Mkojo ulinitoka, ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Turudi, mutoto wangu," bibi alinong'ona. "Watatuua."

Ndipo likanitoka neno la jana yake, lile lililonitesa mpaka nikalia, la kusema kwamba hali ya mtu inazidi kuwa mbaya.

"Sir, my grandmother is deteriorating."

Askari alinitazama, mtoto niliyelowa nguo. Akalirudia neno lile polepole, kama asiyeamini masikio yake. Kisha akashusha bunduki, akamshika bibi mkono wa pili, akatuvusha mwenyewe.

Bibi alipona. Lakini tuliporudi nyumbani siku chache baadaye, tulikuta mlango wa mwalimu uko wazi, maharage yamechacha kwenye sufuria, mwenyewe hayupo. Wengine walisema alipitia Gatumba, kule mpakani, akaingia Kongo. Wengine walitazama chini, wakaingia ndani kwao. Na mimi niliogopa kuuliza.

Nyumba yake ilishabomolewa. Pale sasa wanauza simu. Mtaa umejaa watu nisiowajua, wanacheka, wanapika, wanaishi. Bibi naye ameshatutoka, kwa uzee, kitandani mwake. Ila mwalimu hakuwahi kusikia kwamba tulivuka.