Binti wa Kapteni wa Sayari Kamwene

Muhidini wa Mlandege hajui neno hata moja la Kichina, na jambo hilo halijawahi kumzuia kutafsiri filamu za Kichina. Anatundika blanketi ukutani kuzuia kelele za mashine ya kusaga ya jirani, anatazama midomo ya waigizaji, kisha anawapa maneno anayoona yanawafaa. Kwa kazi hiyo amelisha familia miaka kumi na moja.

Tamthilia iliyompa jina ni ile ya sayari wanayojificha maharamia wa anga. Yeye ndiye aliyeibatiza Kamwene, kwa kuwa maharamia wake wakikutana huamkiana "kamwene" kwa Kihehe, na hadi Rujewa watu wanawekewa kwenye flashi na kuvunjika mbavu. Kapteni wa maharamia, Muhidini alimpa sauti yake mwenyewe. Binti wa kapteni, tangu sehemu ya kwanza, alisemewa na Amna, bintiye wa kumzaa.

Kisha Amna akapata nafasi Mbeya ya kujifunza ufundi wa nguzo za umeme. Siku ya kuaga alimshika baba yake mkono, akaomba radhi za mzazi. Muhidini, kwa kuziogopa hizo nguzo, akageuka akajifanya anatafuta chaja. Basi binti akaondoka bila radhi.

Tangu hapo hakukukalika. Muhidini akikaa anasimama, akisimama anatoka, akifika sokoni hakumbuki alichofuata. Mkewe, Mwantumu, alimwambia amechoka kuishi na mtu wa kiguu na njia. Sehemu ya mwisho ya tamthilia ililala wiki tatu, wateja wakipiga simu. Binti wa kapteni alikuwa na maneno humo, na Mwantumu alipojaribu kumsemea, haramia akasikika kama mama anayefukuza kuku.

Jumatatu asubuhi Amna alimwandikia mama yake ujumbe: leo saa tano napanda nguzo kwa mara ya kwanza, niombee dua. Muhidini aliusoma mara nne. Akaingia chumbani kwake, akatoka, akaingia tena. Ilipokaribia saa nne na nusu akapiga simu.

"Nina sehemu ya mwisho hapa," alisema, salamu kaisahau. "Kuna maneno yako, binti anaaga. Nikikwambia sasa, sema."

"Shikamoo, Baba. Niko kazini."

"Marahaba. Ni dakika moja tu."

Akabonyeza. Kwenye kioo, chombo cha anga kilikuwa tayari kuruka, na binti wa kapteni amesimama mlangoni. Midomo yake ikafunguka.

"Sasa."

"Baba, naondoka," sauti ya Amna ikatoka, imekauka. "Naomba radhi zako."

Picha ikahamia kwa kapteni. Uso wake ulijaa kioo kizima na mdomo kaufumba, na hakuna mtafsiri anayemsemea mtu aliyefumba mdomo. Muhidini alihisi machozi yanakuja. Aliona aibu, kisha akaacha kuona aibu, akasogelea maikrofoni.

"Nimekupa radhi, mwanangu. Za dunia na za akhera. Ila funga mkanda vizuri kabla hujapanda hiyo nguzo."

Akarudi kuitazama picha.

"Amna? Nimeharibu, eh? Huyu kapteni hasemi kitu hapa. Watu watacheka."

"Rudia, Baba," alisema Amna.

"Haitaingia, mdomo wake umefungwa."

"Najua. Rudia tu."