Zamu ya Watiri Ilishapita

Watiri ungemtambua hata katikati ya soko la Giakanja kwa mambo mawili: ulimi wake, na mfuo kwenye paji la uso, pale ulipokaa mkanda wa kubebea maji tangu alipoolewa. Mtoni alienda mara mbili kwa siku. Kushuka ni bure. Kupanda unalipa kwa magoti.

Mumewe, Mutahi, alikuwa na hoteli ya chai kule Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani, akala, akauliza mbona chai inanuka moshi, akarudi Chaka. Maishani mwake hakuwahi kubeba maji. Hata ya kunawa mikono alimwagiwa. Si kwamba alikuwa mvivu. Ni vile hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba maji hutoka mahali.

Mwaka wa sabini na moja, wanawake ishirini na wawili wa kijiji walianzisha kikundi cha mabati. Walipalilia kahawa kwenye mashamba ya wenye mashamba, wakaweka ujira pamoja, na kila baada ya miezi miwili mmoja wao akaezekewa nyumba. Nyasi zinashuka, mabati yanapanda, chini ya mabati gata la kukinga maji, chini ya gata pipa. Mvua iliyokuwa ikianguka bure tangu dunia iumbwe sasa inaingia kwenye pipa mlangoni, na mtoni huendi tena. Uhuru wa nchi ulikuwa na miaka minane. Watiri alisema wake utaanza siku ya pipa.

Kura ikampa zamu ya kumi na nne. Akabeba mabati ya wenzake kumi na watatu mgongoni, akahudhuria kila uezekaji, na kila mara mambo yakawa yale yale. Wanawake walibeba, wakapika, wakaimba. Kihara, mume wa Wachuka, alipanda juu kupiga misumari, maana mwanamke hapandi juu ya nyumba. Na mwenye boma aliketi chini kwenye kigoda, akitazama. Hafanyi kitu, lakini lazima awepo, kama picha ya rais ofisini.

Zamu yake ilipofika, Watiri alimtumia Mutahi habari mara mbili. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alisema ana wateja.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mabati ishirini na sita yalikuwa uwanjani, mawingu yameshashika mlima, na Kihara alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Watiri akachukua nyundo, akaweka mguu kwenye ngazi. Wachuka akamshika sketi.

"Mama Kagure, unaenda wapi?"

"Juu."

"Unataka boma ilaaniwe?"

"Na nyundo itajuaje kama mimi ni mwanamke?"

"Sisi tunajua," Wachuka alisema, na wengine ishirini wakatikisa vichwa. Walikuwa wametoa mabati hayo sokoni kwa migongo yao, lakini ngazi ya futi kumi iliwatisha.

Basi wakamwita Wandera, fundi wa vitanda pale sokoni, mtu wa Busia aliyekuja kumfuata kaka yake aliyekuwa polisi. Wandera aliangalia nyumba, akaangalia kigoda kitupu.

"Mzee iko wapi?"

"Iko Chaka, anachemsha chai," Watiri alisema.

"Kwetu pia mimi sipandi nyumba ya mtu kama mwenyewe hayuko. Akiniuliza?"

"Ataniuliza mimi. Panda, baba, mvua haingojei mzee."

Wandera alipanda. Kufikia saa kumi alikuwa amemaliza. Akapewa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, mbele ya wanawake wote, akala, akaenda zake kukiwa bado mchana.

Usiku huo mvua ikanyesha, pipa likajaa. Kwa siku tisa Watiri hakwenda mtoni. Siku ya pili aliamka saa ile ile, akashika mkanda, halafu akakumbuka. Aliketi mlangoni hajui mikono aiweke wapi. Alijaribu kuiweka mapajani. Ilikaa.

Siku ya kumi Mutahi akaja. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya maji ya mvua, akainua macho.

"Nani alipiga hii misumari?"

"Wandera, fundi wa soko. Kihara amevunjika mguu."

"Kwa hivyo mwanaume mwingine amenijengea nyumba."

"Amepiga misumari tu, Baba Kagure. Nyumba nimejengewa na wanawake."

Mutahi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Watiri hofu. Aliyapitisha macho mabati moja moja, polepole, kama mtu anayepima mlango kabla ya kuingiza kabati. Kisha akaenda kuwaita wazee.

Walikuja watano, na Mzee Muriithi ndiye aliyeuliza.

"Fundi alikula wapi?"

"Hapa."

"Nani alimpikia?"

"Mimi. Na wanawake ishirini na mmoja."

"Nimeuliza chakula kilitoka kwa moto wa nani."

"Wangu."

"Na mwenye boma?"

"Nilimwita mara mbili, mzee. Hakuja."

"Kuita si ruhusa, mama."

"Basi ningepanda mwenyewe?"

Wazee walitazamana kwa haya, kana kwamba ametaja kitu cha chumbani. "Hiyo ingekuwa mbaya zaidi," Mzee Muriithi alisema. Watiri akaelewa kwamba kati ya njia ile mbaya na ile mbaya zaidi hakukuwa na ya tatu.

Walikata shauri kabla jua halijakaa kichwani. Boma limevunjiwa heshima, lichinjiwe mbuzi. Mabati yaliyowekwa bila mwenye boma hayawezi kukaa pale. Yatoke, na kwa kuwa boma ni la Mutahi, Mutahi atajua pa kuyapeleka. Mbuzi alikuwa wa Watiri, amemlea mwenyewe. Wazee walikula nyama. Wanawake walipewa masikio, kama ilivyo desturi, labda ili waendelee kusikia.

Mutahi alijua pa kuyapeleka. Alikuja na lori siku ya tatu.

Watiri alienda kwa Wachuka. "Na zamu yangu?"

"Zamu yako tulitoa, mama. Kila mtu aliona."

"Hata mimi niliona. Iko Chaka sasa."

"Tukikurudishia wewe, wale nane wanaongojea watasema nini?"

Ulimi wa Watiri, uliozoea kumbishia hata kasisi, safari hii ulikubaliana naye. Angekuwa yeye anayengojea, angesema hivyo hivyo.

Alirudisha nyasi, kisha akarudi mtoni. Mvua za mwezi wa nne zilipopenya nyasi, alipanda basi hadi Chaka kumwambia Mutahi. Hakumkuta. Nyuma ya hoteli palikuwa na nyumba ya vyumba viwili inayong'aa, mashimo ya zamani ya misumari yamezibwa kwa lami. Bati la tatu kutoka mlangoni lilikuwa na bonyeo. Lilimponyoka yeye mwenyewe siku ya kulibeba. Msichana mwenye tumbo la miezi saba alikuwa akichota maji kwenye pipa. Alisema anaitwa Ngendo, na alijua mgeni ni nani bila kuuliza.

"Karibu, mama. Kunywa. Ni ya mvua, hii, ni tamu."

"Naijua," Watiri alisema, akanywa.

Walikaa. Ngendo akainua macho kwenye paa. "Ati anataka kufungua hoteli ingine Karatina. Anasema hii mabati itaenda huko."

"Na wewe utabaki wapi?"

"Sijui. Wewe ulibaki wapi?"

Watiri alirudisha kikombe. "Mtoni," alisema.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kumi na saba, nyumba ya Warigia. Watiri alibeba mabati matatu kutoka sokoni, mkanda ukiwa pale pale kwenye mfuo wake. Kihara alikuwa juu, mguu umepona. Chini, mume wa Warigia alikuwa ameletwa kutoka kilabuni tangu asubuhi, akalazwa kando ya kigoda, anakoroma. Wanawake walipita wakimruka kwa uangalifu, wasimwamshe. Lakini alikuwepo.