Hodi ya Tatu

Mdogo wangu alitaka kwenda shule ya bweni. Tangu apofuke kwa homa, alikuwa anaisikia tu habari ya shule ya wasioona, naye akaitamani kama wenzake wanavyotamani sikukuu. Mama hakutaka kusikia. Aliogopa kisima, ng'ombe, na watu kuliko vyote.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, Singida mjini. Nikadhani mama akiona binti anashika hesabu, atalegea. Nikatengeneza programu ya kumfundisha. Sauti ya simu ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, kwa hiyo maswali nikayarekodi mwenyewe, naye akishajibu kwa kusema, simu imjibu kwa mtetemo kiganjani. Mmoja mfupi, umepata. Mitatu mizito, umekosa, jaribu tena. Mezani kwangu ilipendeza, nikajisifu peke yangu.

Jumapili nikampelekea nyumbani, Kinyangiri. Tulikaa uani. Hesabu za mwanzo akazipata, akicheka. Kisha akakosa moja. Simu ikatetema mara tatu, naye akaganda, ameibana kifuani, pumzi ameizuia. Nikamwambia ajaribu tena. Kimya. Hasira zangu hazikai mbali.

"Wewe, umelala?"

"Subiri kaka," alinong'ona. "Bado hajaondoka."

"Nani?"

"Anayepiga hodi."

Ndipo akanieleza. Mama akienda kwenye alizeti humfungia ndani kwa kufuli. Amemwagiza mtu akipiga hodi anyamaze. Akishapiga ya tatu ataondoka mwenyewe. Kwamba mama anaogopa nilijua. Kufuli nilikuwa silijui, na liliniuma sana.

Nilimfuata mama nyuma ya nyumba, alikokuwa anapepeta mtama.

"Mama, mruhusu aende bweni. Hesabu anaziweza."

"Nimemsikia, mwanangu. Umefanya la maana." Uso wake ulikuwa umekunjuka kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. "Sasa bweni la nini tena, na shule umemletea hapa hapa?"

Ningeweza kuichukua simu yangu nikaondoka nayo, lakini mdogo wangu angebaki na kufuli bila hata hesabu. Nikakaa, nikafuta ile mitetemo mitatu, nikaweka mmoja mrefu, nikamwachia simu. Nilifanya kazi hiyo vizuri, kwa moyo mzito.

Niliporudi baada ya mavuno, nilikuta mlango umefungwa, kufuli linaning'inia. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu ilinishinda, nikaita tu, "Ni mimi."

"Kaka?" Sauti ilikuwa karibu kabisa na ubao. "Ufunguo anao mama."

"Najua. Unafanya nini?"

"Hesabu. Siku hizi sikosi hata moja. Umwambie mama, kaka. Akijua sikosi, si ataniruhusu bweni?"

Nilikuwa nimelishika lile kufuli, la moto kwa jua. Nikamjibu kwamba nitamwambia.